Ndugu Yako Yuko Gerezani Ng'ambo ya Ruvuma: Mwongozo wa Kumwombea Aachiwe

Usiuze injini ya mashua bado. Habari ikifika Palma, Kionga au Mocímboa da Praia kwamba kijana wenu kashikwa Mtwara au Lindi, mara nyingi anayewahi kubisha hodi ni mtu anayedai anamjua bwana mkubwa fulani huko, na kwamba kwa fedha kidogo tu kijana atalala nyumbani wiki hii. Fedha zikishatoka, kijana bado yuko ndani, na sasa hata nauli ya kwenda kumwona hakuna. Mwongozo huu unakuonyesha njia nyingine. Ni ndefu na ina karatasi nyingi, ila ndiyo inayofungua geti.

Nimeuandika kwanza kwa aliye Cabo Delgado, Msumbiji, ambaye ndugu yake yuko gereza la Tanzania. Aliye Mtwara, Newala au Tandahimba na ndugu yake yuko Pemba ya Msumbiji atakuta sehemu yake mbele, lakini asiruke haya ya mwanzo.

## Kwa nini watu wetu wako ndani

Mpaka huu haujawahi kukaa sawasawa na ukoo. Kionga ilikuwa chini ya Wajerumani hadi Wareno walipoiteka mwaka 1916, na mwaka 1919 ikathibitishwa kuwa yao. Shangazi akabaki Msimbati, mjomba akawa raia wa upande mwingine. Miaka yote watu wamevuka kwenda harusini, msibani, kuuza samaki na kutafuta matibabu, na wengi hawakuona kama wanakwenda ugenini.

Vita ya Cabo Delgado ndiyo iliyobadilisha mambo. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, ikatekwa mwaka 2020 na kukombolewa Agosti 2021. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Katikati ya hayo, Oktoba 2020, wapiganaji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi mbili walikutana Mtwara na kutia saini makubaliano ya kushirikiana. Tangu hapo mtu asiye na karatasi kwenye ukingo wa mto huangaliwa kwa jicho la usalama kwanza. Waliokuwa wanakimbia nao hawakusalimika: kufikia katikati ya 2021 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilihesabu watu zaidi ya 9,600 waliorudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia Negomano tangu mwaka huo uanze.

Kwa hiyo aliye ndani anaweza kuwa mmoja wa watu watatu: aliyeingia nchini bila kibali, mvuvi au mfanyabiashara asiye na leseni, au mtu anayeshukiwa kuhusika na vita. Usidhani unajua yuko kundi gani. Hati ya mashtaka ndiyo inayosema.

## Swali la kwanza: ni mfungwa au mahabusu?

Hapa ndipo familia nyingi hupotea, na ndipo wajanja wanapopatia chakula. Mfungwa amehukumiwa. Mahabusu bado anasubiri kesi. Wote wanalala gereza moja, na kwa mama aliye Palma hakuna tofauti. Kwa sheria tofauti ni kubwa mno.

Msamaha wa Rais ni wa mfungwa. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani na mahakama, kumpunguzia adhabu, kuibadilisha au kuifuta. Mahabusu hajatiwa hatiani, basi hakuna cha kumsamehe. Unaweza kuandika barua kumi za kuomba huruma Ikulu, na zote zikawa sahihi, na ndugu yako asitoke kwa sababu hakuwa mtu wa barua hizo. Yeye anahitaji dhamana, au hukumu, au Mkurugenzi wa Mashtaka aiondoe kesi mahakamani.

Na hata kwa mfungwa, neno "kasamehewa" lisikufanye uchinje mbuzi. Tarehe 9 Desemba 2017, siku ambayo wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha walitoka, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Waliotoka siku hiyo ni 1,828. Waliobaki walipunguziwa tu vifungo wakarudi ndani kumalizia.

Mfano ulio karibu zaidi na jambo letu ni wa Chato. Januari 2021 Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, alimtembelea Magufuli huko, na Magufuli akatangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa magereza ya Tanzania kwa kuingia nchini kinyume cha sheria. Watu wakaona ni zawadi ya mgeni. Ni kweli, lakini zawadi ya namna hiyo haitolewi bila orodha. Mahali fulani jina la kila mmoja lilikuwa limeandikwa, pamoja na uraia wake na kosa lake. Kazi yako wewe, kabla ya kumwomba yeyote huruma, ni kuhakikisha kwamba ikitengenezwa orodha ya Wamsumbiji, jina la ndugu yako limo na limeandikwa sawasawa.

## Hatua za kumtafuta

1. Andika unachokijua leo, kabla kumbukumbu haijachanganyika: jina lake kamili, majina ya baba na mama, mahali alipozaliwa, mwaka, lini aliondoka, kwa chombo gani, na nani, na alionekana wapi mara ya mwisho. Waliokuwa naye wakaponea waulizwe sasa. Baada ya miezi sita kila mtu atakuwa na hadithi yake.

2. Ulizia gereza. Kwa mkoa wa Mtwara anza na Gereza la Lilungu, kisha Lindi. Kesi nzito huweza kumpeleka hadi Dar es Salaam, ambako kuna Keko, Segerea na Ukonga. Ukiwa na jamaa Mtanzania mwenye kitambulisho, mwombe aende yeye getini kuulizia. Asiende na fedha, aende na jina.

3. Usiposikia lolote, nenda Msalaba Mwekundu, yaani Cruz Vermelha, au ofisi ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliyopo Pemba. Wana huduma ya kutafuta watu waliopoteana na familia kwa vita au kizuizini, na ya kupeleka ujumbe mfupi wa kifamilia. Huduma hiyo ni bure. Hawamtoi mtu gerezani, na hawamwambii askari ulichowaambia.

4. Ukishajua alipo, pata vitu vinne: namba yake ya mfungwa au mahabusu, namba ya kesi, jina la mahakama, na tarehe ya kutajwa kesi au ya hukumu. Bila namba ya kesi hakuna ofisi itakayokusaidia. Nayo itakayojitia kukusaidia bila namba hiyo, ikimbie.

5. Peleka taarifa Ubalozi wa Msumbiji, Dar es Salaam. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, ambao nchi zote mbili zimeukubali, unampa aliyekamatwa ugenini haki ya ubalozi wake kuarifiwa akiomba, na maofisa wa ubalozi haki ya kumtembelea na kumtafutia wakili. Neno ni "akiomba". Mwambie ndugu yako aseme wazi kwa mkuu wa gereza: nataka ubalozi wangu ujulishwe.

TAHADHARI: Kama alikuwa anakimbia vita
Usianzie ubalozini. Mtu anayeomba hifadhi hapaswi kutambulishwa kwa serikali ya nchi aliyoikimbia bila ridhaa yake, na karatasi ya ubalozi ndiyo inayotumika kumrudisha. Anza na UNHCR, au na shirika la msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na umwulize mwenyewe anataka nini. Wapo wanaotaka kurudi nyumbani, na wapo ambao nyumba yenyewe haipo.

## Majina

Hili ni dogo na limewagharimu watu miaka. Kwenye karatasi za Msumbiji yeye ni Momade Amisse Assane. Askari wa Mtwara amemsikia, akaandika Mohamedi Hamisi Hassani. Gerezani wakamwita Mudi Mmakonde. Halafu ubalozi unapewa orodha ya Wamsumbiji, unatafuta Momade, haumwoni. Au amejitaja kuwa ni mtu wa Msimbati ili asifukuzwe, na sasa msamaha unawahusu Wamsumbiji yeye ameandikwa Mtanzania. Wengine wamekana uraia wote wawili.

Andaa karatasi moja yenye safu mbili: jina kama lilivyo kwenye BI (kitambulisho cha Msumbiji) au cédula (hati ya kuzaliwa), na jina kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka. Abdala na Abdallah, Rachide na Rashidi, Saide na Saidi, Sumail na Ismaili. Chini yake mwenyekiti au secretário do bairro, yaani kiongozi wa mtaa, aandike kwamba hao ni mtu mmoja, atie saini na muhuri. Karatasi hiyo iambatane na kila barua utakayoandika.

Kama BI iliungua Palma au Mocímboa, na za wengi ziliungua, usikate tamaa. Kusanya chochote: cédula ya mtoto wake inayomtaja kuwa baba, kadi ya mpiga kura, kadi ya kliniki, cheti cha shule, picha. Nenda Conservatória, ofisi ya usajili, ukaombe nakala ya usajili wa kuzaliwa. Ukiwa mkimbizi wa ndani huko Metuge au Pemba, barua ya kiongozi wa kambi na ya mtu wa mtaa wako wa zamani zitaanzisha safari.

## Akiwa mfungwa

Kabla ya msamaha, angalia mambo matatu ambayo hayahitaji huruma ya mtu yeyote.

La kwanza ni faini. Kesi za uhamiaji na uvuvi mara nyingi huishia na hukumu ya "faini au kifungo". Wapo wanaokaa miaka kwa sababu hakuna aliyejua kwamba siku ile hakimu alitaja kiasi cha fedha. Soma nakala ya hukumu. Kama kuna faini, nenda kwa karani wa mahakama iliyomhukumu umwulize kilichobaki kulipwa, kwa kuwa siku alizokwisha kukaa zinaweza kuhesabiwa. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, ile watu huiita kontrol namba, na usiondoke bila risiti. Fedha isipite mkononi mwa mtu. Kama una kitu cha kuuza, hapa ndipo pa kukiuzia.

La pili ni theluthi. Sheria ya Magereza ya Tanzania inampunguzia mfungwa mwenye tabia njema theluthi moja ya kifungo, isipokuwa wa maisha na wa vifungo vifupi sana. Miaka mitatu huwa miwili. Hesabu mwenyewe tarehe ya kutoka, kisha uiulize gerezani. Zisipolingana, uliza kwa nini, kwa adabu.

La tatu ni rufaa. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Muda ukipita unaweza kuomba kuongezewa, na kutoelewa lugha au kukosa nakala ya hukumu ni sababu inayosikilizwa. Mtwara ina kanda yake ya Mahakama Kuu. Mfungwa huandika rufaa akiwa gerezani na ofisi ya gereza huipeleka.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye msamaha. Kwa desturi hutangazwa tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, na 26 Aprili, Siku ya Muungano. Masharti hubadilika kila mara, lakini ukiyasoma matangazo ya miaka mbalimbali utaona watu walewale wakirudi: wagonjwa walio katika hali mbaya kwa maradhi kama saratani, kifua kikuu na UKIMWI, wakithibitishwa na jopo la madaktari, wazee wa miaka 70 na kuendelea, wanawake walioingia na mimba au wenye watoto wanaonyonya, wenye ulemavu wa mwili au akili, na waliokwisha kutumikia sehemu fulani ya kifungo. Wanaoachwa nje nao ni walewale: dawa za kulevya, unyang'anyi wa kutumia silaha, kumiliki silaha kinyume cha sheria, ubakaji, na waliowahi kutoroka. Mwenye hatia ya ugaidi asijengewe matumaini ya tarehe hizo. Nguvu zake ziwekwe kwenye rufaa.

Orodha huandaliwa na magereza wiki nyingi kabla ya sikukuu. Barua inayofika tarehe 5 Desemba ni ya mwaka ujao. Ilenge ifike Septemba, au Januari kwa ajili ya Aprili.

MFANO WA BARUA

*Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,*
*Kupitia kwa Mkuu wa Gereza la …………*
*Nakala: Ubalozi wa Jamhuri ya Msumbiji, Dar es Salaam*

*YAH: OMBI LA MSAMAHA KWA SABABU ZA KIUTU, MFUNGWA NAMBA …… (jina la kwenye hukumu, pia anajulikana kama jina la kwenye BI)*

*Mimi ni mama/mke/kaka wa mfungwa aliyetajwa hapo juu, raia wa Msumbiji, mzaliwa wa ……, wilaya ya Palma. Alihukumiwa na Mahakama ya …… tarehe …… kwa kosa la ……, kifungo cha ……, kesi namba ……. Hadi leo ametumikia ……*

*Naomba ahurumiwe kwa sababu zifuatazo: (ugonjwa, umri, watoto, hali ya familia baada ya vita, kila sababu na karatasi yake).*

*Akiachiwa, familia itampokea ……, na nauli yake kutoka mpakani itagharamiwa na ……. Ambatisho: nakala ya hukumu, uthibitisho wa majina, barua ya daktari, barua ya mtaa.*

Ukurasa mmoja unatosha. Usiandike kwamba alionewa. Hiyo ni rufaa, na ukizichanganya unaharibu zote mbili. Usiwataje wenzake waliokamatwa naye. Andika Kiswahili chako cha kawaida, wataelewa. Sentensi ya nani atampokea na nani atalipa nauli watu huiona ndogo wakaiacha. Mimi ningeiweka hata kama barua nzima ni mistari mitano, kwa sababu mgeni asiye na wa kumpokea ni mzigo unaobaki mikononi mwa Uhamiaji.

Nakala moja ya kila kitu ibaki nyumbani, nyingine kwa jamaa wa upande wa pili.

## Akiwa mahabusu

Hapa unahitaji mtu wa sheria. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowahusu wasio na uwezo, na kuna mashirika yanayoingia magerezani kutoa ushauri. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hukagua magereza na kupokea malalamiko ya waliokaa mno bila kesi kusikilizwa.

Mwulize wakili au msaidizi wa kisheria haya:

- Kosa lina dhamana? Kuingia nchini bila kibali kwa kawaida linayo, lakini mgeni hukwama kwenye wadhamini wenye makazi ya kudumu. Jamaa wa Mtwara wanafaa hapa. Ugaidi hauna dhamana.
- Upelelezi umekamilika? Kama kila siku kesi inatajwa na kuahirishwa, wakili aandike kwa Mkurugenzi wa Mashtaka kuomba kesi iondolewe. Barua itaje tarehe ya kukamatwa na idadi ya mara ilizoahirishwa.
- Anaelewa kinachosemwa? Mtu wa Palma mjini anaweza kujitetea kwa Kiswahili. Mtoto wa bara anayejua Kimakonde au Kimakua tu anahitaji mkalimani, na ni haki yake bila malipo. Asikubali kosa asilolielewa ili amalize haraka. Wengine wamekiri wakidhani wanaulizwa majina yao.
- Mashua na injini viko wapi? Hivyo ni vielelezo. Vipigwe picha, na wakili aombe amri ya kurudishwa mapema, kwani baada ya hukumu vinaweza kutaifishwa.

## Wewe uko Mtwara, ndugu yako yuko Pemba

Mambo yanageuka, na lugha nayo. Kila barua ni ya Kireno. Tafuta mtu wa kuandika kabla hujavuka.

Watanzania wengi walikamatwa Cabo Delgado tangu mashambulizi yaanze. Kesi kubwa iliyoanza Pemba Oktoba 2018 ilikuwa na washtakiwa 189, Watanzania wakiwemo, na hukumu ilipotoka mwaka 2019 wengi waliachiwa kwa kukosa ushahidi. Usichukulie kwamba aliyetajwa kwa ugaidi ndiyo basi tena.

Ofisi za kujua: SERNAP ndio wanaoendesha magereza, SERNIC wanapeleleza, Procuradoria inashtaki na pia inakagua uhalali wa kumweka mtu ndani, SENAMI ni uhamiaji. Ya kwako wewe ni IPAJ, taasisi ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa mwaka 1994. Ina ofisi Pemba na kwenye wilaya. Asiye na uwezo hapaswi kutozwa, na mtu wa IPAJ akikudai malipo, omba risiti uone atakavyobadilika.

1. Mjulishe Ubalozi wa Tanzania, Maputo, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa.
2. Mwombe wa IPAJ aangalie tarehe. Aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya 2019 inaweka ukomo wa muda wa kumshikilia mtu kabla ya kesi.
3. Muda ukiwa umepita, aombe habeas corpus, yaani mahakama imwachie aliyeshikiliwa isivyo halali. Katiba ya Msumbiji inaitaka mahakama iamue ombi hilo ndani ya siku nane. Ni silaha kali na inatumika kidogo kwa sababu familia haiijui.
4. Akiwa amehukumiwa, zipo njia za huruma: Rais anaweza kusamehe au kupunguza adhabu, ambayo huitwa indulto, na Bunge linaweza kupitisha sheria ya msamaha wa jumla. Aprili 2020, kwa hofu ya korona magerezani, Bunge lilipitisha sheria iliyowagusa wafungwa zaidi ya 5,000 wa makosa madogo. Pia kuna liberdade condicional, kutoka kwa masharti baada ya kutumikia sehemu ya kifungo. IPAJ ndio waiombe.

## Makosa yanayoongeza wafungwa

Kubwa kuliko yote: kuvuka kwa njia ya panya kwenda kumwona. Raia wa nchi hizi mbili hawahitaji viza kutembeleana, lakini wanahitaji pasipoti au hati ya kusafiria na muhuri wa mpakani. Pita Namiranga na Kilambo kivuko kikiwa wazi na njia ikiwa salama, au Daraja la Umoja huko Negomano na Mtambaswala, lililofunguliwa Mei 2010. Ukifika gerezani bila muhuri, askari wa geti ana kila sababu ya kukuingiza na kukufungia.

Kuwalipa vishoka. Dalili zao: hawataki kwenda nawe ofisini, hawana namba ya kesi, wanataka fedha kwa simu leo kabla ya saa kumi, na wanasema "usimwambie wakili". Dhamana ya polisi hailipiwi. Msamaha haulipiwi. Fomu ya msamaha haiuzwi.

Kumsambaza mtandaoni. Picha yake yenye maneno makali kuhusu jeshi au polisi wa nchi yoyote inaweza kuwekwa kwenye jalada lake. Aliyeshukiwa kwa ugaidi hasa, familia ifunge simu.

Kumpelekea vitu vyenye mashaka. Vinavyofaa ni sabuni, dawa ya meno, kandambili, nguo za ndani, dawa zenye cheti. Simu na laini hapana, hata akilia.

## Siku ya kutoka

Mgeni hatoki getini akaenda stendi. Anakabidhiwa kwa Uhamiaji, anaandikiwa amri ya kuondoka nchini, na anasubiri hati ya safari kutoka ubalozi wake. Hapo ndipo mtu aliyekwisha kumaliza kifungo anaweza kuendelea kukaa ndani wiki au miezi, kwa kukosa tu uthibitisho wa uraia na usafiri. Ukiwa umeshapeleka karatasi ubalozini mapema, umeiokoa miezi hiyo. Ikiwa familia haina uwezo, uliza kuhusu Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ambalo husaidia wanaotaka kurudi kwao kwa hiari.

Kagua haya kabla hajapanda gari:

☐ Hati ya kuachiwa kutoka gerezani, yenye jina na namba ya kesi. Kwa Pemba huitwa mandado de soltura.
☐ Hati ya dharura ya safari kutoka ubalozi.
☐ Nakala ya amri ya kuondoka. Soma kama imemkataza kurudi na kwa muda gani.
☐ Vitu vyake vilivyoandikwa kwenye daftari la gereza siku alipoingia: fedha, simu, pete.
☐ Dawa za wiki mbili na karatasi ya matibabu, hasa kama anatumia za kifua kikuu au ARV. Asiikatishe dozi mpakani.
☐ Siku, saa na mahali atakapovukishwa. Akienda Mtambaswala na ninyi mnamsubiri Namiranga, atalala Negomano peke yake, na barabara ya kutoka hapo kwenda pwani si ya kusafiri ovyo.
☐ Mtu mzima wa ukoo mwenye BI yake, wa kumpokea upande wa pili.

Akifika, ndani ya siku chache mpelekeni kwa secretário do bairro na polisi wa eneo pamoja na hati ya kuachiwa. Kijana aliyeonekana ametoweka mwaka mzima kisha akatokea usiku huanza kuulizwa maswali na majirani, na maswali hayo huko kwetu yamewarudisha watu ndani. Hati mtoeni nakala tano. Halisi aiweke mama, yeye atembee na nakala, na asivuke tena mto kwa ajili ya kazi hadi awe na pasipoti mkononi na amri ile ya kuondoka iwe imekwisha muda wake.